Leseni ya Mawimbi Isiwe Leseni ya Ulimi

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Lau wangaliishi nasi leo, yamkini wangaliongeza kuwa mwenye masafa ndiye asemaye, na asiye nayo kazi yake ni kutega sikio. Nimeshika kalamu ili nitoe maoni yangu kuhusu suala ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili hulipita kwa mbali, tukidhani ni la wahandisi na mawakili: utoaji wa leseni za redio. Nani hupewa kibali cha kurusha matangazo? Kwa masharti gani? Na je, mkono unaotoa kibali hicho unapaswa kukoma wapi?

Niruhusu, mpenzi msomaji, nianze na kisa cha kijijini mwetu. Nilipokuwa ningali katika shule ya msingi, jirani yetu mmoja, kijana fundi wa saa na redio, aliunda mtambo mdogo wa kurushia matangazo kwa vipuri vya redio kuukuu. Antena aliifunga kwenye mwanzi, na mwanzi akaufunga juu ya mkaratusi. Kila jioni alitangaza ng'ombe aliyepotea, siku ya chanjo ya watoto katika zahanati, bei ya mahindi sokoni, kisha akapiga nyimbo mbili tatu. Watu walifurahi mno. Kwa mara ya kwanza redio ilitaja majina ya vijito vyetu.

Hata hivyo, mtambo ule haukuwa na uthabiti. Mawimbi yake yalihamahama, na jioni nyingine yaliifunika Idhaa ya Taifa. Mama mmoja wa mtaa wa pili alikuwa na ndugu yake Mombasa. Ndugu huyo alipofariki, habari zilisomwa katika matangazo ya vifo, siku ya mazishi ikatajwa. Mama yule hakusikia ila mkoromo na nyimbo za kijana wetu. Alikuja kupata habari marehemu akiwa kaburini tayari. Alilia vilio viwili, cha kufiwa na cha kutozika. Haukupita muda mrefu maafisa wakaja wakiandamana na polisi, wakautwaa mtambo, na kijana akatozwa faini iliyomlazimu kuuza baiskeli na vyombo vyake vya kazi. Miongoni mwa wote waliomjia siku ile, hakuna hata mmoja aliyemweleza kwamba kulikuwa na njia ya kuomba leseni, wala njia hiyo ilianzia mlango upi.

Kisa hicho kimenikera kwa miaka mingi kwa sababu kila mmoja ndani yake ana haki. Mama alikuwa na haki ya kusikia. Maafisa walikuwa na haki ya kuzuia vurugu hewani. Kijana naye, pamoja na kosa lake, alikuwa na haki ya kusema na kijiji chake. Sheria njema ni ile inayozitunza haki zote tatu. Sheria yetu, kwa maoni yangu, imezitunza mbili kwa kusitasita, na ya tatu imeiacha mlangoni.

Kwanza tukiri ukweli. Leseni si dhuluma kwa asili yake. Mawimbi ya redio ni kama barabara moja nyembamba ipitwayo na wengi. Redio za FM hutumia masafa ya kuanzia megahezi 87.5 hadi 108, yaani upana wa megahezi 20.5 tu. Vituo viwili katika mji mmoja vikikaribiana kupita kiasi, vyote viwili huharibika. Jijini Nairobi, Radio Citizen imekuwa katika 106.7 na Ramogi FM katika 107.1, pengo la megahezi 0.4. Ukigawanya upana wote kwa pengo kama hilo, utapata nafasi 50 hivi na si zaidi. Isitoshe, masafa yanayoanzia 108 kwenda juu hutumiwa na marubani na waongozaji wa ndege. Mtambo mbovu usiokaguliwa waweza kuingilia mazungumzo yao angani. Ndiyo maana hata vifaa venyewe hupimwa na kuidhinishwa kabla ya kutumiwa.

Historia nayo inathibitisha. Meli ya Titanic ilipozama mwezi Aprili 1912, meli nyingine iliyokuwa karibu haikuupata mwito wa dhiki kwa kuwa mwendeshaji wake wa redio alikuwa amekwisha kulala. Marekani ikatunga sheria mwaka uo huo kuwataka waendeshaji wa redio wawe na leseni. Mwaka wa 1926 mahakama ya nchi hiyo ilipoamua kwamba waziri hakuwa na mamlaka ya kuwachagulia wenye stesheni masafa, stesheni zilirukia masafa zilivyopenda, hewa ikawa soko la kelele, hata ikabidi sheria mpya ipitishwe mwaka wa 1927. Aidha, mawimbi hayajui mipaka ya nchi. Umoja wa Mawasiliano wa Kimataifa wenye makao yake Geneva ndio huzigawia nchi alama za utambulisho. Ndege zilizosajiliwa Kenya huanza na 5Y, na wanaredio wa ridhaa wanaozungumza na ulimwengu kutoka vyumbani mwao hapa nchini hujitambulisha kwa 5Z. Pasipo usajili wa namna hii, hakuna atakayejua ni nani anayesema.

Basi sipingani na leseni. Ninachopinga ni leseni kugeuzwa hatamu ya kinywa. Na katika nchi yetu hatamu hiyo ina historia ndefu.

Redio iliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya walowezi waliotaka kusikia habari za kwao Uingereza. Mwafrika alikuja kufikiriwa baadaye, na alipofikiriwa, ilikuwa ili aambiwe, si ili aseme. Baada ya uhuru, mwaka wa 1964, utangazaji ukatiwa mikononi mwa serikali chini ya jina la Sauti ya Kenya. Wazee wetu wanakumbuka kwamba hata kumiliki redio ya kusikilizia kulihitaji kibali cha kulipiwa. Babu yangu hutusimulia jinsi alivyoificha redio yake ya betri ndani ya ghala la mahindi kila aliposikia kwamba mkaguzi yuko njiani. Sisi hucheka, lakini yeye hachekei kisa hicho. Mtu aliyelipia leseni ili asikie tu hawezi kuota kwamba siku moja atapewa leseni ili asikike.

Kuna tukio moja ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka wa 1982, kwa msaada wa shirika la UNESCO, kituo kidogo cha redio ya kijamii kilianzishwa Homa Bay kwa mitambo ya gharama nafuu. Aghalabu wataalamu wa utangazaji hukitaja miongoni mwa vituo vya kwanza kabisa vya aina hiyo barani Afrika. Kilitangaza kwa Kidholuo, kikazungumzia afya, kilimo na maisha ya watu wa pale. Mwaka wa 1984 serikali ikakifunga. Tafakari, msomaji: Kenya ilikuwa mbele ya nchi nyingi za Afrika katika jambo hili, kisha ikaizima taa yake kwa mkono wake yenyewe. Ikapita takriban miaka 20 kabla ya vikundi vya akina mama kule Kibwezi kuanzisha redio yao ya Mang'elete na kuiwasha taa hiyo upya.

Ukiritimba ulianza kulegea katika miaka ya 1990. Capital FM ilianza kurusha matangazo mwaka wa 1996, kwa Kiingereza na kwa wakazi wa jiji. Kameme FM ikafuata mwaka wa 2000 kwa Kikikuyu. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka wa 1998 ilikuwa imeunda Tume ya Mawasiliano, ambayo baadaye ikawa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Hatimaye Katiba ya mwaka wa 2010 ikaja na Kifungu cha 34, kinachotamka kwamba vyombo vya utangazaji vina uhuru wa kuanzishwa, na kwamba uhuru huo utawekewa utaratibu wa leseni tu, tena utaratibu ulio wa lazima kwa kusimamia mawimbi na usioathiriwa na serikali, siasa wala biashara. Naomba uyasome tena maneno hayo polepole. Katiba haikusema leseni itolewe ili kusimamia maneno. Ilisema mawimbi.

Je, tumeyaheshimu? Mwezi Januari 2018, siku ya kiapo cha Raila Odinga katika bustani ya Uhuru, runinga tatu kubwa zilizimwa. Mahakama iliamuru ziwashwe, lakini siku zikapita kabla ya agizo hilo kutiiwa. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipoandamana kuwakumbuka waliouawa mwaka uliotangulia, Mamlaka iliagiza redio na runinga zote zikome kutangaza maandamano moja kwa moja, na mitambo ya baadhi ya vituo ikazimwa. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo. Katika matukio hayo hapakuwa na kituo kilichohama masafa yake. Hapakuwa na rubani aliyekatizwa mawasiliano. Kilichoadhibiwa ni habari, na fimbo iliyotumiwa ni ileile tuliyopewa ili tuzuie kelele hewani. Wala hatuko peke yetu. Mwezi Septemba 2009, Uganda ilizifunga redio nne kwa mpigo, ikiwemo CBS ya Buganda, iliyokaa kimya kwa mwaka mzima na zaidi.

Wapo watakaonijibu, tena kwa haki, wakinikumbusha yaliyotupata baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Je, si baadhi ya redio za lugha za mama zilizowasha moto? Tume ya Jaji Waki ilizinyoshea kidole. Je, si RTLM iliyochochea mauaji ya halaiki nchini Rwanda mwaka wa 1994? Pasipo leseni, tutamzuiaje mchochezi?

Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Walakini inatupasa tuikague kwa makini. RTLM haikuwa redio ya mwituni. Ilikuwa na mkataba na serikali ya nchi yake uliotiwa sahihi mwezi Septemba 1993. Redio zetu zilizolaumiwa nazo zilikuwa na leseni. Leseni basi haikumzuia mchochezi. Ilimpa mlingoti. Kwa upande mwingine, redio ya kijamii ya Pamoja FM, iliyoanzishwa Kibera mwaka wa 2007, ilijulikana kwa kuwasihi vijana wa mtaa huo waweke silaha chini wakati ambapo wengine walikuwa wakiwapigia ngoma. Mtangazaji aliyeishi baina ya majirani zake alijua kwamba neno atakalolitamka saa mbili litamrudia mlangoni saa tatu. Mchochezi ashtakiwe kwa jina lake, mahakamani, kwa ushahidi na kwa sheria za uchochezi ambazo tunazo. Kifungu cha 33 cha Katiba kimeeleza bayana kwamba uhuru wa kujieleza hauhusishi propaganda ya vita wala matamshi ya chuki. Kazi hiyo ni ya hakimu. Afisa wa masafa akimwachia hakimu kazi yake, sote tutakuwa salama zaidi.

Sasa tugeukie ugawaji wenyewe, kwani hapa ndipo penye kidonda. Sheria yetu inatambua utangazaji wa aina tatu: wa umma, wa kibiashara na wa kijamii. Kwa karatasi, ndugu hawa watatu ni sawa. Mezani, mmoja anakula kwa mwiko na mwingine kwa kijiti. Kampuni moja ya habari yaweza kumiliki vituo zaidi ya 10, kila kimoja na masafa yake mji kwa mji. Ilhali jijini Nairobi masafa ya 99.9 peke yake yamebeba Koch FM ya Korogocho, iliyoanza mwaka wa 2006 ndani ya kontena, Pamoja FM ya Kibera, na redio ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa. Kila kituo hutumia nguvu ndogo ili kisimkanyage mwenzake. Ukipanda matatu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, sauti moja hufifia na nyingine huchomoza. Waama, maskini wa jiji zima pamoja na wanafunzi wake wamelazwa kitanda kimoja na kuambiwa wasigeuke.

Fauka ya hayo, ipo dhuluma inayotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Kikundi cha akina mama kikitaka leseni, hujikuta mbele ya sheria, kanuni na fomu zilizoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Sheria hutaka maombi ya leseni yachapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali ili wananchi watoe maoni au pingamizi zao. Huu ni utaratibu mzuri mno. Lakini Gazeti Rasmi lenyewe ni la Kiingereza! Mwananchi anaalikwa atoe maoni kuhusu redio itakayosema naye kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, na mwaliko wenyewe hawezi kuusoma. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo haujafika kwenye meza inayogawa mawimbi. Nikikumbuka kijana wa kijijini mwetu, ninaamini kwamba angaliweza kujaza fomu ya Kiswahili. Aliandika hesabu zake za duka kwa Kiswahili kila siku. Hakukosa akili. Alikosa mlango wenye maandishi anayoyajua.

Hapa najua nitatofautiana na baadhi ya wenzangu katika chama hiki. Wapo wanaopendekeza kwamba leseni zitolewe kwa sharti la kutumia Kiswahili sanifu, na kwamba kituo kinachotangaza kwa Sheng au kinachoboronga upatanisho wa kisarufi kionywe, na kikikaidi kifungwe. Ninauelewa uchungu wao. Hata mimi masikio huniuma nisikiapo mtangazaji akizungumzia "kitabu yangu" asubuhi kutwa. Lakini hatuwezi kuilaani serikali inapozima habari kwa kisingizio cha leseni, kisha tuitume ikazime vinywa kwa kisingizio cha sarufi. Fimbo ni ileile. Lugha hailindwi na askari. Kiswahili kilivuka kutoka pwani hadi Kongo bila ya afisa wa kukagua ngeli njiani. Tukitaka Kiswahili bora redioni, tuingie redioni. Tuandike michezo, tusome habari, tufasiri istilahi, tuwafunze watangazaji. Msikilizaji akionja kilicho kitamu atajichagulia mwenyewe.

Kwa hivyo ninapendekeza mambo manne. Mosi, leseni ya masafa isifutwe wala isisimamishwe kwa sababu ya maudhui pasipo amri ya mahakama. Mamlaka ibaki na uwezo wa kuchukua hatua za haraka pale tu ambapo mtambo unaingilia mawimbi ya wengine, kama ulivyofanya mtambo wa jirani yetu. Pili, kila eneo litengewe sehemu maalumu ya masafa kwa ajili ya redio za kijamii na za vyuo, sehemu ambayo haitauzwa kwa mwenye pesa hata akija na gunia. Tatu, fomu, kanuni na matangazo ya maombi ya leseni yapatikane kwa Kiswahili. Nne, anayekamatwa kwa mara ya kwanza akirusha matangazo madogo ya kijamii bila kibali aelekezwe namna ya kujisajili na kupimiwa mtambo wake, kabla ya kufikiriwa kama mhalifu. Mtambo uchukuliwe, naam, maana mama yule alikosa kumzika nduguye. Lakini mwenye mtambo arudishwe hewani kwa njia iliyo halali.

Pendekezo la tatu ndilo letu. Tusingoje serikali. Chama kama hiki kina wanafunzi wanaosomea tafsiri na isimu, wanaotafuta mada za miradi yao kila muhula. Je, ni lipi linalotuzuia kuchukua kanuni za leseni za redio za kijamii na kuzifasiri kwa Kiswahili kinachoeleweka? Tutakumbana na matatizo ya istilahi, bila shaka. Tutabishana kama tuseme masafa au mawimbi, mlingoti au mnara. Ubishi huo utakuwa na faida kuliko mingi tuliyokwisha kuifanya, kwa kuwa mwisho wake kutakuwa na mtu kijijini ambaye atasoma na kujua pa kuanzia.

Mwaka jana, nilipokwenda nyumbani likizoni, nilimkuta fundi yule akitengeneza simu za mkononi. Nilimuuliza kama bado anaufikiria mtambo wake. Alicheka, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Ndugu yangu, wewe uliyesoma, hiyo leseni huombwa wapi?" Nilijitia kumweleza, nikagundua kwamba kila neno nililolihitaji nilikuwa nalo kwa Kiingereza tu. Nilimwahidi kwamba nitamletea maelezo kwa maandishi. Makala haya ni sehemu ya deni hilo. Sehemu iliyobaki, wenzangu, siwezi kuilipa peke yangu.